Theodor Kocher

Emil Theodor Kocher (Bern, 25 Agosti 1841 – Bern, 27 Julai 1917) alikuwa daktari mpasuaji na profesa wa tiba kutoka nchi ya Uswisi. Anajulikana hasa kwa utafiti wake juu ya tezi ya thairoidi, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia tezi dundumio, yaani tezi iliyopo mbele ya shingo chini ya koromeo. Mwaka 1909 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi hiyo. Alikuwa mpasuaji wa kwanza kupewa tuzo hiyo, na pia Mswisi wa kwanza kuipata katika fani ya tiba.

Kocher alifanya upasuaji wa rovu (goita) uwe salama katika zama ambazo madaktari wengi waliuogopa. Hata hivyo mchango wake mkubwa zaidi ulitokana na madhara ya upasuaji huohuo. Aliwaita tena wagonjwa ambao alikuwa ameondoa tezi zao zote, akaona jinsi walivyoharibika mwili na akili, akayatangaza matokeo hayo mbele ya wapasuaji wenzake. Kutokana na taarifa hiyo na nyingine za wakati ule, dunia ilianza kuelewa kazi ya tezi ya thairoidi, na baadaye kupatikana dawa na vipimo vya maradhi yake.

Maisha ya awali na elimu

Kocher alizaliwa mjini Bern. Baba yake, Jakob Alexander Kocher, alikuwa mhandisi wa reli. Mama yake, Maria Wermuth, alikuwa muumini wa Kanisa la Moravian, kanisa lilelile ambalo wamisionari wake walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891. Malezi hayo ya kidini yalibaki kwa Kocher maisha yake yote. Watu waliomfahamu walimwona kuwa mtu mtulivu, mwenye nidhamu kali ya kazi na asiyependa makuu.

Alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Bern na kupata shahada ya udaktari mwaka 1865 kwa alama za juu kabisa. Baada ya hapo alisafiri kujifunza katika hospitali kubwa za Ulaya, zikiwemo za Berlin, London na Paris. Huko aliwaona wapasuaji mashuhuri wa siku zile wakifanya kazi. Ulikuwa wakati wa mabadiliko makubwa: dawa za usingizi zilikuwa zimeingia hospitalini, na Joseph Lister wa Uingereza alikuwa anaanza kufundisha namna ya kuua vijidudu kwenye vidonda.

Aliporudi Bern alifanya kazi kama msaidizi wa profesa Georg Lücke. Mwaka 1870 alieleza njia mpya ya kurudisha bega lililoteguka bila kutumia nguvu nyingi, na jina lake likaanza kufahamika.

Profesa wa upasuaji

Mwaka 1872 Lücke alihamia Strasbourg, na nafasi ya profesa wa upasuaji ikawa wazi. Palikuwa na mpango wa kumleta mgeni mwenye jina kubwa zaidi, lakini wanafunzi, madaktari na wananchi wa Bern walimtaka Kocher. Serikali ya jimbo ilimteua akiwa na umri wa miaka 30 tu. Alishika cheo hicho, pamoja na uongozi wa kliniki ya upasuaji katika hospitali ya Inselspital, kwa miaka 45 mpaka alipofariki. Vyuo vikuu vya nje vilimwita mara kadhaa, naye alikataa kuondoka Bern.

Alimwoa Marie Witschi, wakapata watoto watatu wa kiume. Mkubwa wao, Albert Kocher, alikuwa mpasuaji pia na alifanya kazi pamoja na baba yake.

Rovu na hatari ya upasuaji wake

Rovu ni uvimbe wa tezi ya thairoidi unaoonekana mbele ya shingo. Chanzo chake kikubwa duniani ni upungufu wa iodini, ambayo Tanzania huitwa kwa kawaida madini joto. Tezi huhitaji madini hayo ili kutengeneza homoni zake. Yakikosekana, tezi hukua ikijaribu kunasa hata kile kidogo kilichopo. Sehemu za milimani zilizo mbali na bahari mara nyingi zina madini joto kidogo katika udongo na maji, kwa sababu barafu na mvua za maelfu ya miaka zimeyaosha na kuyapeleka baharini. Uswisi ni nchi ya namna hiyo, na katika karne ya 19 rovu lilikuwa jambo la kawaida katika vijiji vyake. Katika sehemu zilizoathirika zaidi walizaliwa pia watoto waliodumaa mwili na akili, wengine wakiwa viziwi na mabubu. Hali hiyo huitwa ukretini.

Rovu kubwa lilibana koo na njia ya hewa, na wapo waliokufa kwa kukosa pumzi. Lakini kuliondoa kulikuwa hatari vilevile. Tezi hiyo ina mishipa mingi ya damu na imekaa karibu sana na mishipa ya fahamu inayoendesha sauti. Wagonjwa walivuja damu mpaka kufa, au waliambukizwa vidonda siku chache baadaye. Inakadiriwa kwamba katikati ya karne ile karibu 40 kati ya wagonjwa 100 waliopasuliwa walikufa. Mwaka 1850 Chuo cha Tiba cha Ufaransa kiliupinga upasuaji huo, na Theodor Billroth, mpasuaji mashuhuri kuliko wote katika nchi za lugha ya Kijerumani, aliuacha kwa miaka kadhaa.

Njia ya Kocher

Kocher aliishi katikati ya eneo la rovu, hivyo wagonjwa hawakukosekana mlangoni kwake. Njia yake haikuwa na siri. Alifuata kwa makini mafundisho ya Lister kuhusu usafi, na baadaye akatumia vyombo vilivyochemshwa. Alikata polepole, akifunga kila mshipa wa damu kabla ya kuendelea, ili eneo la kazi libaki safi na kuonekana vizuri. Kwa upasuaji wa shingo alipendelea ganzi kuliko dawa ya usingizi, ili mgonjwa aweze kutoa sauti na daktari ajue kwamba mshipa wa sauti haujaguswa. Alikata ngozi kwa mstari wa mlalo chini ya shingo, kama ukosi wa shati, na kovu lake likafichika.

Katika upasuaji wake wa kwanza 101, ambao aliutolea taarifa mwaka 1883, waliofariki walikuwa takriban 13 kati ya 100. Kufikia mwisho wa karne ya 19 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya mmoja kati ya 100. Katika maisha yake Kocher alifanya mwenyewe zaidi ya operesheni 5,000 za rovu, na wagonjwa walimjia kutoka nchi nyingi.

Katika miaka ya mwanzo hakuna aliyejua tezi ya thairoidi ina kazi gani. Wapo waliodhani inapunguza kasi ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na wengine walidhani ni pambo la shingo tu. Basi ilionekana jambo la busara kuiondoa yote ili rovu lisirudi tena, na kwa kuwa mkono wa Kocher ulikuwa mwangalifu, hakuacha hata kipande. Umahiri huohuo ndio uliowaletea wagonjwa wake balaa.

Msichana wa mwaka 1874

Mnamo Januari 1874 Kocher aliondoa tezi yote ya msichana mwenye umri wa miaka 11. Kidonda kilipona vizuri. Baadaye daktari aliyekuwa amempeleka hospitalini alitoa taarifa kwamba msichana huyo amebadilika tabia: aliyekuwa mchangamfu sasa amekuwa mzito, mvivu na mwenye huzuni. Kwa wakati ule Kocher hakuipa taarifa hiyo uzito mkubwa. Mtoto mmoja hawezi kuthibitisha jambo, na huenda alikuwa na ugonjwa mwingine.

Miaka ilipopita tofauti ilijionyesha yenyewe. Msichana huyo alikuwa na mdogo wake wa kike waliyefanana sana. Mdogo alikua na kuwa binti mrefu mwenye afya. Mkubwa alibaki mfupi kama mtoto, uso umevimba na akili imezorota.

Uchunguzi wa mwaka 1883

Mnamo Septemba 1882 Kocher alikutana mjini Geneva na mpasuaji Jacques-Louis Reverdin, ambaye pamoja na binamu yake Auguste Reverdin alikuwa ameona mambo ya aina hiyo. Wagonjwa wao walioondolewa tezi yote walikuwa wanadhoofika miezi michache baada ya kutoka hospitalini. Reverdin alimuuliza Kocher kama naye ameona hivyo.

Kocher alirudi Bern na kuwaandikia wagonjwa wake wa zamani, akiwaomba waje wapimwe. Kati ya wale walioondolewa tezi yote, 18 walifika, na 16 miongoni mwao walikuwa wagonjwa. Walilalamika uchovu na baridi isiyokwisha. Nyuso na mikono yao ilikuwa imevimba, ngozi imekauka na nywele zinanyonyoka. Walisema na kufikiri polepole. Waliopasuliwa wakiwa watoto walikuwa wameacha kukua. Wagonjwa walioachiwa sehemu ya tezi hawakuwa na dalili hizo.

Tarehe 4 Aprili 1883 Kocher alisimama mbele ya mkutano wa Chama cha Wapasuaji wa Ujerumani mjini Berlin na kueleza aliyoyaona. Aliipa hali hiyo jina la Kilatini cachexia strumipriva, yaani udhoofu unaomfika mtu aliyenyang'anywa rovu lake. Tangu hapo aliacha kuondoa tezi yote kwa ajili ya rovu la kawaida, akawahimiza wengine wafanye hivyo: siku zote ibakizwe sehemu.

Kuhusu sababu, Kocher alikosea mwanzoni. Alifikiri kwamba koo lililodhurika linampunguzia mgonjwa hewa, na upungufu wa hewa ndio unaomdhoofisha. Miaka michache baadaye ushahidi ulionyesha vingine, naye akakubali kwamba tezi yenyewe hutoa kitu ambacho mwili hauwezi kuishi vizuri bila hicho.

Suala la nani alitangulia

Reverdin alikuwa ametoa taarifa yake mbele ya chama cha madaktari cha Geneva mnamo Septemba 1882, miezi kadhaa kabla ya hotuba ya Berlin. Palitokea mabishano juu ya nani anastahili sifa ya kwanza, na Kocher hakuwa mwepesi wa kumtambua mwenzake. Tuzo ya Nobel alipewa yeye peke yake. Wanahistoria wengi wa tiba leo huwataja wote wawili: Reverdin kwa kutangulia kusema, na Kocher kwa uchunguzi wake wa wagonjwa wengi zaidi.

Kutoka kisu hadi dawa

Nchini Uingereza madaktari William Gull na William Ord walikuwa wameeleza katika miaka ya 1870 ugonjwa wa wanawake watu wazima waliovimba uso na kuzubaa, na Ord aliuita miksedema. Mara baada ya hotuba ya Kocher, Felix Semon wa London alipendekeza kwamba miksedema, ukretini na udhoofu wa wagonjwa wa Bern ni kitu kimoja: vyote vinatokana na kukosa tezi ya thairoidi inayofanya kazi. Wenzake walimcheka. Iliundwa tume, na taarifa yake ya mwaka 1888 ilithibitisha kwamba Semon alikuwa sahihi.

Ikiwa ugonjwa unatokana na kukosa kitu, dawa ni kukirudisha. Kocher na wengine walijaribu kupandikiza vipande vya tezi, lakini nafuu haikudumu. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimchoma mgonjwa wa miksedema sindano za maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo. Mama huyo alipata nafuu na kuishi miaka mingine 28 akitumia dawa hiyo. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba tezi ya kondoo ikiliwa inafaa pia. Kwa mara ya kwanza watu kama wale waliodhurika Bern waliweza kutibiwa.

Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann aligundua kwamba tezi ya thairoidi ina madini joto ndani yake, na siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall alifaulu kutenga homoni yake kuu, thairoksini. Leo thairoksini hutengenezwa viwandani na kutolewa kama kidonge kimoja kwa siku.

Kutoka dalili hadi kipimo cha damu

Katika zama za Kocher daktari alitambua upungufu wa homoni kwa macho tu: uso uliovimba, sauti nzito, mtoto asiyekua. Dalili hizo zikionekana wazi, madhara yalikuwa yameshatokea. Tena dalili za mwanzo hufanana na mambo mengine. Uchovu unaweza kudhaniwa kuwa upungufu wa damu, unene kudhaniwa kuwa ulaji, na huzuni kudhaniwa kuwa mawazo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 zilipatikana njia za kupima homoni katika damu. Mwanzo wake ulikuwa kazi ya Wamarekani Rosalyn Yalow na Solomon Berson, na Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Kipimo kinachotumika zaidi kwa tezi ya thairoidi ni cha TSH, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Pituitari hufanya kazi kama msimamizi. Homoni za thairoidi zikipungua, hutoa TSH nyingi ili kuichochea tezi. Zikizidi, hupunguza TSH. Kwa sababu hiyo:

- TSH iliyo juu pamoja na thairoksini iliyo chini huonyesha kwamba tezi imezembea. Mgonjwa huchoka, huhisi baridi, hunenepa, hukauka ngozi na hupata choo kigumu.
- TSH iliyo chini pamoja na thairoksini iliyo juu huonyesha kwamba tezi imezidisha kazi. Mgonjwa hukonda ingawa anakula, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka, hutoka jasho, na wengine hutokeza macho.
- Rovu linaweza kuwepo huku vipimo vyote viko sawa. Ukubwa wa tezi hauonyeshi peke yake jinsi inavyofanya kazi.

Kipimo hiki ni muhimu zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga, kwa kuwa ubongo wa mtoto hutegemea homoni hiyo tangu tumboni. Tangu miaka ya 1970, kuanzia Kanada, nchi nyingi hupima tone la damu la kila mtoto anayezaliwa. Mtoto aliyezaliwa bila tezi akianza dawa katika wiki za kwanza hukua kama wenzake. Akicheleweshwa miezi, kilichopotea katika akili hakirudi chote. Wagonjwa wanaoondolewa tezi yote leo, kwa mfano kwa sababu ya saratani, hupewa thairoksini maisha yao yote na hupimwa damu mara kwa mara. Hivyo wanakingwa na hali ile aliyoieleza Kocher mwaka 1883.

Kazi nyingine

Kocher hakushughulika na thairoidi peke yake. Kitabu chake cha mbinu za upasuaji, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1892, kilitafsiriwa katika lugha kadhaa na kutumika kufundishia madaktari wa nchi nyingi. Alichunguza majeraha ya risasi akiwa daktari wa jeshi la Uswisi, na akatetea matumizi ya risasi zisizoharibu mwili kupita kiasi. Aliandika pia juu ya ubongo, uti wa mgongo, tumbo na ngiri. Mmarekani Harvey Cushing, aliyekuja kuwa mwanzilishi wa upasuaji wa ubongo, alifanya utafiti Bern mwaka 1900 na 1901 chini ya uangalizi wake. Mwaka 1905 Kocher aliongoza mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wapasuaji uliofanyika Brussels.

Pamoja na wanafunzi wake alichunguza pia shingo za watoto wa shule katika jimbo la Bern ili kujua rovu limeenea wapi, na mwaka 1889 alitoa kitabu juu ya uchunguzi huo. Aliamini kwamba chanzo kiko katika maji ya kunywa na aina ya miamba ya mahali.

Tuzo ya Nobel na miaka ya mwisho

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1909 ilitolewa kwa kazi yake juu ya fiziolojia, magonjwa na upasuaji wa tezi ya thairoidi. Mwaka 1912 alikipa Chuo Kikuu cha Bern faranga 200,000 za Uswisi kwa ajili ya taasisi ya utafiti.

Aliendelea kufundisha na kupasua mpaka siku zake za mwisho. Julai 1917, akiwa karibu kutimiza miaka 76, aliitwa usiku kwa upasuaji wa dharura. Aliumaliza, akajisikia vibaya, na siku chache baadaye, tarehe 27 Julai, alifariki.

Chumvi yenye madini joto

Kocher hakuona mwisho wa rovu nchini kwake. Alikuwa na hofu juu ya kutoa madini joto ovyo, kwa sababu alikuwa ameona wagonjwa wenye rovu la siku nyingi ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi baada ya kupewa dozi kubwa. Miaka michache baada ya kifo chake, madaktari Otto Bayard na Hans Eggenberger walionyesha kwamba kiasi kidogo sana kikichanganywa katika chumvi ya kupikia kinazuia rovu. Kuanzia mwaka 1922 majimbo ya Uswisi yalianza kutumia chumvi hiyo moja baada ya jingine. Baada ya kizazi kimoja ukretini ulikuwa umetoweka, na upasuaji uliomfanya Kocher awe mashuhuri ukapungua sana.

Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Hali aliyoiona Kocher Uswisi imekuwepo pia Afrika Mashariki na Kati. Mfano unaojulikana sana kwa watafiti ni kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Huko, kuanzia miaka ya 1960, watafiti wa Ubelgiji walikuta rovu kwa sehemu kubwa ya watu na ukretini kwa wengi. Waligundua kwamba upungufu wa madini joto haukuwa sababu pekee. Mihogo isiyolowekwa vya kutosha hubaki na sumu, ambayo mwili huigeuza kuwa thiosianeti, kitu kinachozuia tezi kunasa madini joto machache yaliyopo.

Nchini Tanzania rovu lilienea hasa katika nyanda za juu za kusini na magharibi, kama vile Mbeya, Iringa, Rukwa, Ruvuma na Kigoma. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilipima watoto wa shule kwa kushika na kutazama shingo zao, kama Kocher alivyofanya Bern. Katika miaka ya 1980 wilaya zilizoathirika sana zilipewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 zikatungwa kanuni za kutaka chumvi yote ya kula iwekwe madini hayo. Kiwango cha rovu kwa watoto wa shule, kilichokadiriwa kuwa 25% katika miaka ya 1980, kilikuwa kimeshuka hadi karibu 7% katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004.

Katika nyanda kavu za kati, yaani Dodoma na mikoa jirani, chakula cha asili ni uwele na mtama. Utafiti wa maabara umeonyesha kwamba uwele una viini vinavyoweza kupunguza kazi ya tezi ya thairoidi mahali ambapo madini joto ni haba. Nafaka hiyo haina sababu ya kuachwa. Kinachohitajika ni chumvi yenye madini joto. Shida iliyobaki ni chumvi ya wazalishaji wadogo, ambayo mara nyingi huuzwa bila kuchanganywa chochote.

Onyo la Kocher nalo lilithibitika. Katika miaka ya 1990, chumvi yenye madini joto mengi ilipoingia kwa ghafla Kivu na Zimbabwe, baadhi ya watu wazima wenye rovu la zamani walipata ugonjwa wa tezi kuzidisha kazi, na wengine waliathirika moyo. Kwa sababu hiyo kiasi kinachowekwa katika chumvi hupimwa, na wataalamu hupima pia mkojo wa watoto na wajawazito kujua kama watu wanapata kidogo mno au kingi mno.

Kumbukumbu

Jina la Kocher limebaki katika vyumba vya upasuaji. Koleo la Kocher, lenye meno nchani kwa ajili ya kushika mishipa ya damu, hutumika mpaka leo duniani kote. Mkato wa Kocher chini ya mbavu za kulia hutumika kufikia kibofu cha nyongo, na mbinu ya Kocher ya kurudisha bega bado hutajwa katika vitabu vya tiba. Mjini Bern kuna mtaa na bustani vyenye jina lake. Kasoko moja ya Mwezi inaitwa Kocher, na asteroidi 2087 Kochera imepewa jina kwa heshima yake.